Hesabu Nyaya Kwanza, Sensa Utanunua Baadaye

Kosa la kawaida kwenye kazi ya kufunga sensa ya mwendo, ile inayowasha taa mtu akipita, hufanyika dukani, kabla bisibisi haijashikwa. Mtu anarudi na sensa ya mwendo yenye sehemu tatu za kufungia waya, anafungua swichi ya ukutani, anakuta nyaya mbili tu zinamtazama. Hapo kazi ya nusu saa inageuka kuwa ya siku mbili, na ndipo majaribio ya hatari yanapoanza. Kwa hiyo fungua swichi na kikombe cha taa kwanza, hesabu kilichomo, kisha ndiyo uende kununua.

Tunayoizungumzia ni taa ambayo tayari ipo na inawaka vizuri: ya korido, ngazi, choo, stoo au mlango wa nje. Maelezo ni ya umeme wa volti 220 hadi 240. Kama wako ni wa 110 au 120, mpangilio ni uleule, ila sensa iwe imeandikwa volti hizo. Na pale ambapo sheria inataka kazi ya waya za nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni, mwite yeye. Ukishayaelewa haya utamwambia hasa unachotaka na utajua akikudanganya.

Nyutro iko wapi?

Sensa hukaa macho saa 24, hata taa ikiwa imezimika, na ili ikae macho inahitaji umeme wake yenyewe: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaoukamilisha mzunguko). Waya wa tatu ndio unaotoka kwenda kulisha balbu. Kwenye sensa utaona L, N, na ya tatu ikiwa L yenye alama ndogo pembeni, au A, au mshale unaotoka nje. Zinazokuja na mikia ya waya badala ya skrubu mara nyingi huwa na kahawia ya laivu, buluu ya nyutro na nyekundu ya kwenda kwenye taa. Hata hivyo fuata mchoro uliobandikwa mgongoni, maana viwanda havijakubaliana.

Swichi ya taa haina haja na nyutro. Laivu inaingia, waya wa kurudi unatoka kwenda kwenye balbu, basi. Nyutro yenyewe mara nyingi hupita juu ya dari moja kwa moja hadi kwenye taa bila kushuka kwenye swichi. Ndiyo maana, katika nyumba nyingi, mahali pazuri pa kufungia sensa ni juu karibu na taa, kwani huko nyutro ipo siku zote. Bila hiyo balbu isingewaka.

Wakati mwingine ukifungua swichi utaona nyuma kabisa ya boksi nyaya kadhaa za buluu zimeunganishwa pamoja kwenye konekta, hazigusi swichi. Hizo kwa kawaida ni nyutro zinazopita, na hapo unaweza kufunga sensa ya ukutani mahali pa swichi bila taabu. Usiiamini rangi peke yake, lakini. Waya wa buluu uliofungwa kwenye swichi yenyewe karibu kila mara ni waya wa kurudi, kwa sababu fundi alivuta kebo ya nyaya mbili akatumia kilichokuwemo.

Na kuna mtego hapa unaowanasa hata wanaojua kutumia mita. Swichi ikiwa imezimwa, pima volti kati ya laivu na waya wa kurudi: mita inaweza kukuonyesha 230 safi kabisa. Unafurahi, unasema nyutro nimeipata. Hujaipata. Umeme wa mita unapita kwenye balbu hadi kwenye nyutro ya juu, na kwa kuwa mita inakunywa umeme kidogo mno, balbu haionekani kama kizuizi. Testa ya bisibisi nayo itakudanganya vilevile: haitawaka kwenye waya huo. Toa balbu kwenye holda, pima tena. Volti zikitoweka au zikishuka sana, huo ni waya wa kurudi. Mita za kidijitali huweza kubaki zikionyesha volti 40 au 60 za uongo zinazotokana na nyaya kulala pamoja kwenye paipu moja. Ukiwa na shaka, tumia holda yenye mkia na balbu ya kujaribia. Ikiwaka kwa nguvu yake yote huku balbu ya darini ikiwa imetolewa, hiyo ni nyutro, mradi usiwe waya wa ethi, ule wa usalama unaokwenda ardhini.

Usipoipata nyutro kwenye swichi, kuna njia mbili za mkato ambazo utashawishika kuzitumia. Ya kwanza ni kuifanya ethi kuwa nyutro. Sensa itafanya kazi, tena vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo: ethi ikikatika mahali popote mbele, mabati ya vifaa vyote vilivyofungwa kwenye ethi hiyo yanaweza kupata umeme kupitia sensa yako. Ya pili ni kuazima nyutro ya soketi iliyo karibu. Soketi na taa huwa kwenye breka tofauti, hivyo mtu anayezima breka ya soketi na kufungua nyaya zake anaweza kupigwa na umeme unaorudi kutoka kwenye taa. Breka ya kuhisi uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia, nayo inaweza kuanguka kila taa inapowaka, maana umeme uliotoka njia moja umerudi kwa nyingine.

Zipo sensa za nyaya mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya swichi zisizo na nyutro. Hujilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye balbu yenyewe. Kwa balbu za zamani za waya ndani hilo halikuwa tatizo. Kwa LED ya wati 5 au 7, umeme huo mdogo unatosha kuifanya ing'ae hafifu usiku kucha au ikonyeze kila sekunde chache. Angalia kiwango cha chini cha wati kilichoandikwa kwenye sensa, na kama balbu yako iko chini yake, iache dukani. Kuna kapasita maalumu ya kufunga sambamba na taa ili kumeza umeme huo, na baadhi ya sensa huja nayo kwenye boksi, lakini nikichagua mimi, nyaya tatu juu ya dari siku zote.

Jicho la joto au la mawimbi

Sensa nyingi za bei nafuu ni PIR. Hazitoi chochote, hutazama tu joto linalotoka mwilini. Ile plastiki nyeupe yenye vijisahani vingi mbele hugawanya chumba katika vipande kama vya mkeka, na nyuma yake kuna kipokezi chenye sehemu mbili zinazolinganishwa. Mtu akivuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine, sehemu moja inapata joto kabla ya mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa. Humo mna mambo mawili ya kukumbuka wakati wa kufunga. Mtu anayekatiza mbele ya sensa huonekana upesi, anayeijia moja kwa moja huonekana kwa kuchelewa. Na joto la mazingira likikaribia la mwili, nyuzi 35 na kuendelea, uwezo wa kuona hupungua sana. Sensa inayokamata mtu mita 8 asubuhi yenye baridi inaweza kumngoja afike mita 3 au 4 mchana wa joto kali.

PIR haioni kupitia kioo. Haimwoni mtu aliye nyuma ya pazia la bafu wala aliyeketi kimya. Ukiiweka ndani ya kikombe cha taa kilichofunikwa, haioni chochote kabisa, na hii ndiyo sababu balbu zenye sensa ndani yake hukataa kufanya kazi kwenye vikombe vya kioo.

Sensa za mawimbi, nyingi zikitumia gigahezi 5.8, hutuma mawimbi na kusikiliza yanavyorudi. Hizi hazijali joto, huona kupitia plastiki, kioo na ukuta mwembamba, na humkamata vizuri mtu anayezijia. Ubaya wake ni huohuo: taa ya choo itawaka mtu akipita koridoni nje ya mlango wa mbao. Kwenye ngazi na gereji ni nzuri. Kwenye chumba kinachopakana na njia ya watu, rudi kwenye PIR.

Njia rahisi kuliko zote, bila kugusa waya, ni balbu yenye sensa au holda ya kati unayoiskrubu kwenye holda iliyopo. Kwa stoo inatosha. Hakikisha tu inatazama chini na hakuna kilichoiziba.

Kufunga juu, kwenye taa

Utahitaji sensa ya nyaya tatu, konekta za kutosha (za kubana kwa kidole ni bora kuliko za skrubu), kipande cha waya wa milimita mraba 1.5, bisibisi, koleo la kuchuna waya, na boksi ndogo ya plastiki kama kikombe cha taa hakina nafasi. Sensa ya darini ya kuzama hutaka tundu la milimita 60 au zaidi kulingana na aina. Pima shingo yake, usikisie.

Zima breka ya taa. Usiridhike na kuzima swichi, kwa sababu kuna nyumba ambamo swichi inakata nyutro badala ya laivu, na taa iliyozimwa bado ina umeme kamili kwenye holda. Jaribu testa kwenye kitu unachojua kina umeme, kisha kwenye nyaya za taa, kisha rudi tena kwenye kile cha kwanza. Testa iliyokufa na waya uliokufa vinafanana. Ukigundua swichi inakata nyutro, irekebishe kabla ya kuendelea.

Kwenye taa zinafika laivu ya kutoka swichi na nyutro, pengine na ethi. Fungua nyaya hizo mbili kwenye taa. Laivu ya swichi iingie kwenye L ya sensa, peke yake. Nyutro iingie kwenye konekta ya matundu matatu: tundu moja nyutro inayofika, la pili waya wa kwenda N ya sensa, la tatu waya wa kwenda kwenye taa. Kisha toa waya kutoka sehemu ya tatu ya sensa hadi kwenye laivu ya taa. Ethi ipite moja kwa moja hadi kwenye mwili wa taa, haina kazi na sensa ya plastiki. Chuna waya milimita 10 hivi, uvute kila mmoja baada ya kuufunga; unaotoka kwa kuvutwa leo ungetoka wenyewe kesho kwa joto.

Kosa linalotokea zaidi hapa ni kubadilishana L na ile ya tatu. Matokeo yake ni sensa isiyoamka kabisa, na mtu anairudisha dukani akisema mbovu.

Kwa mpangilio huu swichi ya ukutani inabaki kuwa ya kukata umeme wa sensa. Lazima ikae imewashwa. Mtoto au mgeni akiizima, sensa inalala, na ikiwashwa tena inachukua sekunde 30 hadi dakika nzima kujizoesha, taa ikiwaka muda huo. Wengine hubandika tepu juu ya swichi. Kuna njia nzuri zaidi, kama kwenye kikombe cha taa inafika pia laivu ya kudumu, ile inayopita kwenda taa nyingine. Funga laivu ya kudumu kwenye L ya sensa. Waya wa kurudi kutoka swichi na waya unaotoka kwenye sensa uviunganishe pamoja kwenye laivu ya taa. Sasa swichi ikizimwa, sensa ndiyo inayotawala. Swichi ikiwashwa, taa inawaka moja kwa moja hadi utakapoizima. Hili linafaa sana mahali unapofanyia usafi au matengenezo. Laivu zote mbili ziwe za breka moja, na sensa iwe ya relei, yaani yenye swichi ndogo ya sumaku ndani yake. Ukisikia mlio mdogo wa "tik" inapowasha, ndiyo hiyo. Anayebadilisha balbu baadaye ajue kuwa kuzima swichi hakukati umeme tena. Andika kwenye boksi ya breka.

Kwa ngazi zenye swichi mbili, juu na chini, usiguse swichi. Sensa iwe kwenye taa, moja juu na moja chini ikiwezekana: L zote kwenye laivu moja, N zote kwenye nyutro moja, na waya zote mbili zinazotoka ziungane kwenye taa. Sensa yoyote itakayomwona mtu kwanza ndiyo itakayowasha.

Dima, ile swichi ya kupunguza mwanga, usiiweke mbele ya sensa. Italisha sensa umeme uliokatwakatwa, nayo haitaishi muda mrefu.

Wati zilizoandikwa na wati za kweli

Kwenye kibandiko utaona kitu kama wati 1200 kwa balbu za kawaida na 300 kwa LED. Tofauti hiyo inashangaza wengi, kwa kuwa LED hutumia umeme kidogo. Jambo ni mshtuko wa kwanza. Ndani ya kila LED kuna kapasita tupu inayojaa ghafla taa inapowashwa, na kwa sehemu ndogo sana ya sekunde huvuta umeme mara nyingi zaidi ya kawaida yake. Ukiwa na LED kumi na tano kwenye sensa moja, midomo ya relei inapigwa cheche kila mtu anapopita, hadi siku moja inaungana. Dalili yake ni taa isiyozimika tena, na ukigonga sensa kwa mpini wa bisibisi inazima. Hapo hakuna kurekebisha: badilisha sensa, na kama taa ni nyingi iache sensa iendeshe kontakta (relei kubwa ya mizigo mizito), kontakta ndiyo ibebe taa.

Sensa yenyewe inakula umeme pia, tuseme nusu wati. Kwa mwaka ni kama yuniti 4.4. Balbu ya LED ya wati 9 inafikisha kiasi hicho kwa saa 487, yaani saa moja na dakika 20 kila siku. Kwa hiyo kama taa hiyo ilikuwa ikisahaulika kwa dakika kumi tu kwa siku, sensa inakuongezea matumizi. Ifunge kwa sababu mikono imejaa mizigo au ngazi ni giza. Ukitafuta akiba, iangalie taa inayolala imewaka.

Mahali na vitufe vitatu

Ukutani, mita 1.8 hadi 2.5 kutoka chini. Darini, mita 2.2 hadi 4, na ya mzunguko mzima kwa urefu wa mita 2.5 huona duara la mita 6 hivi. Iweke ili watu wakatize mbele yake: kwenye korido, ukuta wa pembeni karibu na mlango ni bora kuliko ukuta wa mwisho. Isitazame feni, kiyoyozi, jiko, dirisha lenye jua wala matawi. Na isitazame taa inayoiwasha. Balbu yenye joto ikizimika inapoa, sensa inaona joto likibadilika, inawasha tena, na mchezo huo utaendelea usiku kucha.

Nje angalia alama ya IP, kiwango cha kuzuia vumbi na maji: chagua IP44 pale penye paa, IP65 pale panaponyeshewa. Waya uingie kutoka chini, ukining'inia kidogo kabla ya tundu ili maji yadondoke badala ya kuingia.

Kwa majaribio ya mchana, zungusha LUX (kiwango cha giza cha kuanza kuwaka) hadi kwenye alama ya jua, TIME (muda wa taa kubaki inawaka) chini kabisa, SENS (wepesi wa kuhisi) juu kabisa. Washa, subiri dakika moja ya kujizoesha, ondoka mbele yake. Hapo watu hukosea: wanasimama chini ya sensa wakingoja izime, huku kila wakitikisa kichwa hesabu inaanza upya. Toka chumbani kabisa. Ikizima, ingia kutoka kila mlango na uone inakukamata wapi. Kisha rudisha LUX karibu na alama ya mwezi jioni giza linapoanza kuingia, uisogeze polepole mpaka iwake kwa mwanga unaoutaka. TIME ya korido dakika 1 hadi 2. Ya choo dakika 10 au zaidi. Anayeketi hatikisiki, na hakuna anayependa kupunga mikono gizani.

Ikisumbua

Taa inawaka na kuzima haraka jioni tu: mwanga wake unarudi kwenye jicho la LUX na kuidanganya kuwa kumekucha. Geuza sensa au ziba upande unaotazama taa. Inawaka bila mtu mchana wa joto na upepo: punguza SENS, kisha ziba kwa tepu ya umeme vile vijisahani vinavyotazama barabara au miti. Inawaka tena mara tu inapozima, na mzigo ni feni au taa za mirija: mruko wa umeme wa koili unaamsha sensa. Funga sambamba na mzigo kizima-mruko cha kapasita ya mikrofaradi 0.1 aina ya X2 na rezista ya omu 100, kinachouzwa kikiwa kimeunganishwa tayari. Haiwaki kamwe usiku lakini mchana iliwaka: LUX imeshushwa kupita kiasi, au taa ya jirani inaimulika.

Na ile ya nje inayoanza kuwaka ovyo usiku baada ya miezi kadhaa ya utulivu, tazama lenzi kabla ya kufungua waya. Mwanga unaleta wadudu, wadudu wanamleta buibui, naye anatandaza utando sentimita mbili mbele ya jicho na kutembea juu yake. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, bila thina wala petroli, kwani plastiki hiyo hufifia na ikishafifia haioni tena.